Umbali wa Anga na Muda wa Safari kati ya Dar es Salaam na Johannesburg: Mwongozo kwa Wasafiri wa Mazimbu na Morogoro

Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Johannesburg, Afrika Kusini, ina umbali wa takriban kilomita 2,440 kwa njia ya anga iliyonyooka, na kwa kawaida huchukua muda wa saa tatu na nusu. Kwa wakazi wengi wa Tanzania hiyo ni safari ya biashara, masomo au matibabu kama nyingine. Kwa Manispaa ya Morogoro, na hususan eneo la Mazimbu, njia hiyo ina uzito wa pekee. Mazimbu ndiko kulikojengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichofahamika kwa ufupisho wa SOMAFCO, ambako vijana wa Afrika Kusini waliokimbia utawala wa ubaguzi wa rangi walipata elimu katika ardhi ya Tanzania. Hadi leo zipo familia zenye ndugu katika nchi zote mbili, na wapo wageni wanaosafiri kutoka Johannesburg kuja kuzuru makaburi ya wapendwa wao waliozikwa Mazimbu.

Makala haya yanaeleza namna umbali huo unavyopimwa, sababu za muda wa safari kubadilika, tofauti ya saa kati ya nchi hizi mbili, na namna mkazi wa Mazimbu anavyoweza kupanga safari yake tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapofika.

Umbali unavyopimwa

Umbali wa anga kati ya miji miwili haupimwi kwa kufuata barabara, wala kwa kuchora mstari kwa rula juu ya ramani bapa. Dunia ni tufe; hivyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni ile inayofuata mkunjo wa tufe hilo, na wataalamu huiita njia ya duara kuu.

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo karibu na nyuzi 6.9 kusini mwa Ikweta na nyuzi 39.2 mashariki. Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha O.R. Tambo, Johannesburg, kipo karibu na nyuzi 26.1 kusini na nyuzi 28.2 mashariki. Tofauti ya latitudo ni takriban nyuzi 19.25. Kwa kuwa kila nyuzi moja ya latitudo ni sawa na kilomita 111 hivi, msafiri anashuka kusini kwa kilomita zipatazo 2,140. Wakati huohuo anaelekea magharibi kwa kilomita zipatazo 1,170. Vipimo hivyo viwili vikiunganishwa vinatoa umbali wa takriban kilomita 2,440. Marubani, wanaotumia maili za baharini ambapo maili moja ni kilomita 1.852, wataueleza umbali huohuo kuwa ni takriban maili 1,320.

Mazimbu yenyewe ipo magharibi mwa Dar es Salaam. Laiti ndege ingeruka moja kwa moja kutoka Mazimbu hadi Johannesburg, umbali ungekuwa takriban kilomita 2,370, yaani pungufu kidogo kuliko kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, Morogoro haina huduma ya ndege za abiria za kimataifa, na hivyo msafiri hulazimika kwanza kwenda mashariki, kuelekea pwani, kabla ya kugeuka kuelekea kusini-magharibi.

Kwa kulinganisha, umbali wa anga kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni takriban kilomita 670. Hadi Mwanza ni takriban kilomita 850. Hadi Lusaka ni takriban kilomita 1,500. Na hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000. Anayechagua kwenda Johannesburg kwa barabara, kupitia Tunduma, Zambia na Zimbabwe, husafiri zaidi ya kilomita 3,400 na huvuka mipaka mitatu.

Nchi zinazopitiwa

Njia ya duara kuu kutoka Dar es Salaam hupita juu ya misitu na mbuga za kusini mwa Tanzania, huvuka Mto Ruvuma na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, kisha hukatiza Malawi karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa. Kutoka hapo hurejea Msumbiji katika eneo la Tete, hupita mashariki mwa Zimbabwe, huvuka Mto Limpopo na kuingia Afrika Kusini kutokea kaskazini.

Katika utendaji, ndege hazifuati mstari huo kwa ukamilifu. Kila ndege hupangiwa njia na waongoza ndege wa nchi inayopitiwa ili kuepusha msongamano na kuzingatia maeneo yaliyozuiwa. Ndiyo maana umbali halisi unaorukwa huwa mrefu kidogo kuliko umbali wa ramani. Nchini Tanzania jukumu la kuongoza ndege na kusimamia usalama wa anga ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Kwa nini saa tatu na nusu

Ndege za abiria zinazotumika katika safari za masafa haya, zikiwa zimefikia kimo chake cha kawaida, husafiri kwa mwendo wa kilomita 800 hadi 850 kwa saa. Ukigawanya kilomita 2,440 kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa, unapata muda usiozidi saa tatu. Nusu saa inayobaki hutumika katika mambo ambayo abiria hupenda kuyasahau: ndege kutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda taratibu hadi kimo cha juu, kupunguza mwendo inapokaribia kutua, kusubiri zamu na kuelekea jengo la abiria.

Muda huo hubadilika kwa sababu kuu tatu. Ya kwanza ni upepo. Katika tabaka la juu la anga la Kusini mwa Afrika huvuma upepo mkali kutoka magharibi, hasa katika majira ya baridi ya huko, kuanzia Juni hadi Agosti. Upepo huo hupunguza mwendo wa ndege inayoelekea Johannesburg na huisaidia ile inayorejea Dar es Salaam. Ya pili ni hali ya hewa. Katika miezi ya kiangazi, Novemba hadi Machi, mvua za ngurumo ni za kawaida Johannesburg nyakati za alasiri, na ndege inaweza kuzungushwa au kusubirishwa angani. Ya tatu ni aina ya ndege na uzito iliobeba.

Jambo jingine linalofaa kufahamika ni kimo cha ardhi. Kiwanja cha Julius Nyerere kipo karibu na usawa wa bahari, ilhali kiwanja cha O.R. Tambo kipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa sababu hiyo, mojawapo ya njia za kurukia katika kiwanja hicho ina urefu unaozidi mita 4,400. Kwa abiria anayetoka pwani, tofauti hiyo huonekana pia katika baridi: asubuhi za mwezi Julai mjini Johannesburg hufanana zaidi na milima ya Uluguru kuliko na Kariakoo, na nguo nzito ni ya lazima.

Tofauti ya saa

Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki, ambazo zipo saa tatu mbele ya saa za kimataifa za marejeo. Afrika Kusini ipo saa mbili mbele. Kwa hiyo, Tanzania inaitangulia Afrika Kusini kwa saa moja, na tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima kwa kuwa nchi zote mbili hazisogezi saa kwa kufuata majira.

Nyakati zinazoandikwa katika tiketi ni za mahali husika. Ndege inayoondoka Dar es Salaam saa 3:00 asubuhi na kuruka kwa muda wa saa tatu na nusu, itatua Johannesburg saa 6:30 mchana kwa saa za Tanzania, lakini saa ya ukutani huko itaonesha saa 5:30 asubuhi. Anayesoma tiketi bila kuzingatia hilo atadhani safari ni ya saa mbili na nusu. Kinyume chake, ndege inayoondoka Johannesburg saa 7:00 mchana kwa saa za huko itatua Dar es Salaam saa 11:30 jioni kwa saa za Tanzania, na tiketi itaonekana kama ya safari ya saa nne na nusu. Umbali ni uleule na muda wa kuruka ni uleule. Kilichobadilika ni saa ya kila mji.

Kusoma saa ya tiketi

Lipo tatizo jingine linalowagusa wasafiri wengi wa Kiswahili, hasa wanaosafiri kwa mara ya kwanza. Tiketi za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ni saa sita.

Tiketi inayoonesha 09:00 inamaanisha saa 3:00 asubuhi. Msafiri akiisoma kuwa ni saa tisa alasiri, atafika kiwanjani ndege yake ikiwa imeshatua Johannesburg. Tiketi inayoonesha 15:00 ndiyo ya saa 9:00 alasiri. Inayoonesha 06:30 ni ya saa 12:30 asubuhi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa safari za usiku, kwa kuwa tarehe ya tiketi hubadilika saa 6:00 usiku. Tiketi iliyoandikwa Jumamosi, 02:30, ni ya saa 8:30 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Abiria anapaswa kuwa kiwanjani Ijumaa usiku. Akijiandaa kuondoka nyumbani Jumamosi jioni, atakuwa amechelewa kwa siku nzima. Inashauriwa kumwomba wakala wa tiketi ataje siku na saa kwa Kiswahili, kisha msafiri aviandike pembeni mwa tiketi yake.

Kutoka Mazimbu hadi kiwanjani

Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 190 kwa barabara kuu. Tangu tarehe 14 Juni, 2024, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoanza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) kati ya miji hiyo miwili, mkazi wa Morogoro amepata njia ya pili ambayo haiathiriwi na msongamano wa magari. Safari hiyo huchukua takriban saa mbili, kutegemea aina ya treni na vituo inakosimama. Stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, ndani ya Manispaa, na hufikika kutoka Mazimbu kwa gari, bajaji au bodaboda.

Mfano ufuatao unaonesha hesabu ya safari nzima kwa abiria mwenye ndege ya saa 9:00 alasiri. Aondoke Mazimbu saa 1:30 asubuhi ili afike stesheni, akaguliwe na kupanda treni inayoondoka saa 3:00 asubuhi au kabla. Atafika Dar es Salaam saa 5:00 asubuhi. Ajipe saa moja ya kutoka stesheni hadi kiwanja cha ndege kupitia Barabara ya Nyerere, ambayo huwa na magari mengi. Atakuwa kiwanjani saa 6:00 mchana, saa tatu kabla ya kuondoka, kama inavyoshauriwa kwa safari za kimataifa. Ndege itatua saa 12:30 jioni kwa saa za Tanzania, yaani saa 11:30 jioni mjini Johannesburg. Akiongeza saa moja ya uhamiaji na kuchukua mizigo, safari yake yote itakuwa imechukua saa kumi na mbili, ambapo saa tatu na nusu tu ndizo za kuruka angani.

Hesabu hiyo inaonesha jambo moja la msingi: kwa mkazi wa mkoani, hatari kubwa ya kuchelewa ipo ardhini. Ratiba za treni na za ndege hubadilika. Hivyo zithibitishwe siku chache kabla ya safari. Kwa ndege inayoondoka alfajiri au asubuhi na mapema, ni busara kulala Dar es Salaam.

Njia iliyokuwa imefungwa

Umbali wa kilomita 2,440 haujawahi kubadilika, lakini kwa miaka mingi njia hiyo haikuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1963, baada ya kuundwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nchi nyingi za bara hili zilizifungia anga ndege za Afrika Kusini kupinga ubaguzi wa rangi. Ndege za nchi hiyo zilizokwenda Ulaya zililazimika kulizunguka bara upande wa magharibi, juu ya Bahari ya Atlantiki.

Kwa wapigania uhuru, safari ya kuja Tanzania ilikuwa ya kificho. Januari 1962 Nelson Mandela alitoka nchini mwake bila hati ya kusafiria, akapitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, akafika Mbeya kwa ndege ndogo ya kukodi, kisha Dar es Salaam ambako alionana na Mwalimu Julius Nyerere. Serikali ya Tanganyika ilimpatia hati iliyomruhusu kutoka na kurejea. Waliomfuata walipita kwa miguu, kwa malori na kwa treni, kupitia Botswana, Swaziland, Msumbiji na Zambia. Safari ambayo leo ni ya saa tatu na nusu iliwachukua wengi wiki au miezi.

Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni, 1976, wimbi la vijana waliokimbia liliongezeka. Tanzania ilitoa ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge Mazimbu kwa chama cha ANC, na shule ikaanzishwa mwaka 1978. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi, Pretoria, aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Kutoka Mamelodi hadi Mazimbu ni takriban kilomita 2,320 angani. Mahali hapo palikuwa na shule ya awali, ya msingi na ya sekondari, hospitali, karakana na shamba.

Rais wa ANC, Oliver Tambo, aliifungua rasmi shule hiyo tarehe 22 Agosti, 1985. Tarehe 9 Julai, 1992, baada ya vyama vya ukombozi kuruhusiwa tena nchini Afrika Kusini, majengo yalikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) inayobeba jina la Solomon Mahlangu.

Mwaka 2006 kiwanja cha ndege cha Johannesburg, ambacho enzi za ubaguzi kiliitwa Jan Smuts, kilipewa jina la Oliver Tambo. Hivyo, mgeni anayekuja kuzuru Mazimbu huanza safari katika kiwanja chenye jina la aliyefungua shule hiyo, na hutua katika kiwanja chenye jina la kiongozi wa nchi iliyoipokea.

Mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Msafiri anashauriwa kuhakikisha kuwa pasipoti yake ina muda wa kutosha na kurasa tupu za kugongwa mihuri. Masharti ya kuingia, ikiwemo muda unaoruhusiwa kukaa na vyeti vya chanjo, yathibitishwe kwa Idara ya Uhamiaji na Ubalozi wa Afrika Kusini uliopo Dar es Salaam kabla ya kununua tiketi. Mzazi au mlezi anayesafiri na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo, na pale mzazi mmoja anapobaki, barua ya ridhaa yake.

Kwa familia zinazowapokea wageni kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya kuzuru makaburi, ni vyema kuwakumbusha wageni hao kuwa saa za Tanzania zipo mbele kwa saa moja, na kwamba baada ya kutua Dar es Salaam bado wanayo safari ya takriban kilomita 190 kufika Morogoro. Mgeni anayetua jioni asipangiwe shughuli ya makaburini asubuhi inayofuata bila kuacha nafasi ya treni au gari. Kwa kuwa makaburi yapo katika eneo la chuo, ziara ifanyike kwa kuwasiliana mapema na uongozi wa kampasi.

Wananchi wanakumbushwa kuwa taarifa sahihi za ratiba na nauli hutolewa na mashirika ya ndege yenyewe, mawakala wanaotambulika na TRC. Anayepewa ratiba kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu aithibitishe kabla ya kulipa fedha, na ahesabu saa zake kwa mifumo yote miwili kabla ya kufunga begi.